Krismasi Yetu Huja Wakati wa Kupanda



Wiki mbili zilizopita nilipokea barua kutoka kwa baba mmoja, mfanyakazi, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Barua yenyewe ni fupi, wala haina malalamiko mengi. Anaeleza kwamba binti yake mwenye umri wa miaka saba alikwenda kucheza kwa jirani, akaukuta mti wa Krismasi umesimamishwa sebuleni, mti wa plastiki wenye taa za kumetameta. Aliporudi nyumbani aliuliza swali moja tu: "Baba, sisi Krismasi yetu iko wapi?"

Siku ya pili baba huyo alikwenda mjini kuulizia bei. Jioni akakaa na kalamu. Akajumlisha mti, taa, unga, sukari, siagi na nguo za watoto watatu; kisha akajumlisha sare na madaftari ya Januari, pamoja na mbegu za shamba lake dogo lililoko Hombolo. Anamalizia hivi: "Mwandishi, hesabu haitoki. Nifute nini?"

Barua hiyo nimeisoma mara tatu. Najua kwamba hesabu ile si ya Nkuhungu peke yake, na ndiyo maana naijibu hapa mbele ya wasomaji wote, badala ya kumjibu yeye kwa faragha.

Kwanza, tuitazame kalenda yetu sisi watu wa nyanda za kati. Dodoma ina msimu mmoja tu wa mvua. Mvua huanza mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, hukoma Aprili, na kiasi chake kwa mwaka mzima ni milimita 500 hadi 600 hivi, tena kwa mwaka wenye heri. Maana yake ni kwamba sikukuu ya tarehe 25 Desemba humkuta mkulima wa hapa ana jembe mkononi. Ghala limekaribia chini. Mtama na mawele ya mwaka jana yamebaki ya kupimia, na mapya hayajaota. Hata mfanyakazi wa mjini ambaye hashiki jembe huuona ukweli huo sokoni Majengo, kwa kuwa miezi hii ndiyo bei ya nafaka hupanda.

Sasa tuutazame mti wenyewe. Desturi ya kuingiza mti wa kijani ndani ya nyumba ilitoka Ujerumani, ikaenea Ulaya na Marekani katika karne ya 19. Kule Desemba ni mwezi wa baridi kali. Miti mingi imepukutisha majani, ardhi imeganda, na jani la kijani likionekana ni faraja kubwa. Watu wale walikuwa na sababu nzuri ya kukata tawi la msonobari na kulikaribisha ndani.

Lakini hapa kwetu, ndugu msomaji, fungua mlango utazame nje. Mbuyu uliosimama uchi tangu katikati ya mwaka sasa unavaa majani. Ule mti ambao wengi wetu tunauita mkrismasi umewaka maua mekundu kando ya barabara, na hakuna aliyeulipia umeme. Vumbi lililotusumbua tangu Julai limelala. Nje yetu ndiyo kwanza inafufuka! Nasi, badala ya kutoka kwenda kuiona, tunanunua mti wa plastiki uliotoka China, kwenye mji wa Yiwu ambako mapambo mengi ya Krismasi ya dunia hutengenezwa. Halafu tunaupachika pamba juu yake ili ionekane kama theluji. Mtoto wa Dodoma akiuliza theluji ni nini, tunamwonyesha picha ya Kilimanjaro.

Simcheki jirani wa yule binti. Mwenye uwezo na anunue, na mti ule akiutunza utamfaa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba mwenye kuukosa hajakosa Krismasi. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870, na tangu hapo sikukuu hii imesherehekewa katika nyanda hizi kwa zaidi ya miaka mia moja bila plastiki yoyote.

Kwa hiyo, baba wa Nkuhungu, jibu langu la kwanza ni hili: futa mti wa dukani. Mahali pake andika mche mmoja.

Nitaeleza nilikoipata habari hii ya mche. Mwaka 1983 nilikuwa na umri wa miaka tisa, nasi tulikuwa tunaishi Chang'ombe, hapa hapa Dodoma. Wale waliokuwapo wanaikumbuka miaka ile: sukari ya foleni, sabuni ya foleni, na unga wa ngano ulikuwa jina tu. Baba alikuwa dereva wa lori, na kabla ya sikukuu alitumwa Iringa. Alituahidi kwamba atarudi na unga mkesha wa Krismasi. Wakati ule barabara ya Iringa kupitia Mtera ilikuwa ya udongo, na mvua ikinyesha makorongo hujaa kwa saa moja tu.

Tarehe 24 jua likazama bila lori. Mama hakusema neno. Asubuhi yake alikuwa ameleta nyumbani mche wa mwarobaini ndani ya debe bovu la mafuta, akatuambia tuupambe. Tukakata kalenda ya mwaka ule, ambao ulikuwa umebakiza siku saba, tukatengeneza minyororo ya karatasi kwa gundi ya uji mzito. Vizibo vya soda tulivipondaponda kwa jiwe, tukavitoboa kwa msumari, vikawa nyota. Mche wenyewe ulikuwa hauvuki kiuno changu, na kwa mapambo yale uliinama kama mzee aliyebebeshwa mizigo.

Usiku mama akachukua unga wa mtama, karanga alizozitwanga, sukari kidogo aliyokuwa ameificha na mayai mawili, akaoka keki kwa mkaa. Haikuumuka. Ilipotoka ilikuwa na ufa katikati, upana wa kidole. Dada yangu mdogo aliangua kilio, akasema ile si keki, ni udongo wa shamba. Mama alicheka mpaka akakaa chini. Tuliila asubuhi na chai, ikiwa inavunjikavunjika, na kipande cha baba kikawekwa ndani ya bakuli na kufunikwa kwa sahani.

Baba alifika tarehe 27 akiwa na matope mpaka magotini. Alikuwa amelala usiku mbili kando ya korongo akingoja maji yapungue, na alileta unga wa ngano kilo tano ambao aliukumbatia kitini usilowe. Sisi watoto tukadhani sasa keki halisi itaokwa. La hasha! Mama aliutia unga ule ndani ya pipa, akafunga. Tuliuona tena siku shule zilipofunguliwa, tulipofungiwa maandazi. Baba alikaa akakila kile kipande chake cha mtama, kikavu kama tofali, akakimaliza. Kisha akachukua jembe akachimba shimo uani, tukaupanda ule mwarobaini na karatasi zake mbili tatu zikiwa bado zimening'inia.

Mti ule upo hadi leo. Nyumba imebadilisha wenyewe mara mbili, na kila mmoja amekaa chini ya kivuli chake.

Kwa nini nausisitiza mche? Kwa sababu katika mkoa wetu kukata mti si jambo dogo. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, baada ya kuona jinsi maji yalivyokuwa yakiuchukua udongo wa Kondoa na kuacha mifereji mirefu. Mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kuifanya Dodoma ya kijani. Basi haitupendezi kila Desemba kwenda kukata vichwa vya miti michanga iliyopandwa kwa jasho la wengine, ili isimame sebuleni siku kumi na kutupwa jalalani.

Kanunue mche kwenye bustani yoyote ya miche. Mwembe, mpera, mwarobaini au huo mkrismasi wenyewe. Chagua kwa kufikiri utasimama wapi ukiwa mkubwa, usije ukapasua ukuta wa nyumba. Uweke ndani ya debe au ndoo iliyotobolewa chini, mahali penye mwanga, na umwagilie maji kidogo jioni. Mapambo yawe mepesi. Usikae ndani zaidi ya siku kumi. Kisha, mvua zikiwa zimekolea, chimbeni shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili kwa upana, mchanganye udongo wa juu na samadi iliyooza vizuri, mpande jioni. Uacheni udongo ufanye kisahani kuzunguka shina ili maji yasimame. Mbuzi wa Dodoma mnawafahamu: zungusheni miiba siku hiyo hiyo, msingoje kesho. Na mchwa nao. Wakaguliwe kila wiki.

Aliyepanga chumba kimoja na hana uwanja atasema: mimi nipande wapi? Aupeleke shuleni kwa mtoto, au kanisani, au kijijini kwa wazee. Mche ni zawadi isiyokataliwa.

Sasa mapambo. Hapa kazi ni ya watoto, nasi wakubwa tujizuie kuinyoosha kila nyota iliyopinda. Mkate kalenda kuukuu na magazeti ya zamani (hili ulilolishika sasa lisomwe kwanza). Mviringo mmoja ndani ya mwingine, gundi ya unga, na chumba kizima kinapata minyororo kwa gharama ya kijiko kimoja cha unga. Maganda ya mayai mtakayotumia kwenye keki yasitupwe. Mkitoboa yai pande mbili kwa sindano na kupuliza, ganda linabaki zima, hupakwa rangi na kufungwa uzi. Makaka ya ubuyu, yakikwanguliwa manyoya yake na kupakwa rangi, hupendeza kuliko mipira mingi ya dukani, nayo hayavunjiki. Mabua makavu ya mtama hupasuliwa na kufungwa kwa uzi mwekundu yakawa nyota. Mwarobaini ulioko uani unahitaji kupogolewa. Matawi yanayotolewa yatoshe kupamba mlango. Ongezeni bogenvilia, na maua mawili matatu ya mkrismasi yaliyoangushwa na upepo.

Lakini mtoto asitumwe kukata mnyaa wa uzio! Najua ni wa kijani na umejaa kila mtaa. Utomvu wake mweupe huunguza ngozi, na ukiingia jichoni huleta maumivu makali na waweza kudhuru jicho lenyewe. Aliyeguswa na utomvu huo jichoni aoshwe kwa maji mengi safi kwa muda mrefu na apelekwe hospitali bila kungoja sikukuu iishe.

Mishumaa karibu na minyororo ya karatasi ni moto unaosubiri mtu asinzie. Wenye taa za umeme wazizime wakati wa kulala.

Tugeukie jikoni, maana huko ndiko harufu ya sikukuu inakotoka.

Mama yangu alikosea wapi mwaka ule? Nimekuja kuelewa baadaye. Ngano ina kitu kinachonata, ambacho unga ukilowa hujivuta kama mpira na kushika hewa; ndicho kinachoifanya keki iumuke na isimame. Mtama hauna kitu hicho. Ukioka keki ya mtama mtupu, hewa hutoroka na keki hupasuka. Lakini ukichanganya fungu moja la mtama kwa mafungu mawili ya ngano, ngano itashika na mtama utaleta ladha yake nzuri inayokaribia ya karanga. Tena gharama inapungua, kwa maana sehemu kubwa ya ngano tunayokula nchini huagizwa kutoka nje, na vita vilipozuka Ukraine mwaka 2022 kila mama aliliona jambo hilo kwenye bei ya chapati.

Basi hii hapa keki ya familia ya watu sita hadi wanane. Kipimo chetu ni kikombe cha chai, maana najua wengi hatuna mizani. Unga wa ngano vikombe viwili, unga laini wa mtama kikombe kimoja, beking pauda vijiko vya chai vitatu na chumvi kidogo. Vyote vichekechwe pamoja. Siagi robo kilo na sukari kikombe kimoja vipigwe kwa mwiko mpaka mchanganyiko uwe mweupe na mwepesi. Kazi hii huchosha mkono, nayo ndiyo kazi ya baba. Ndiyo, baba! Asikae sebuleni akingoja kuitwa kuonja. Mayai matano yaingizwe moja moja, na kila moja livunjwe kwanza ndani ya bakuli la pembeni, ili bovu likiwamo lisiharibu kazi ya wote. Mtoto wa miaka sita aweza kuvunja mayai. Ganda likiingia litatolewa. Kisha unga uingie kidogo kidogo, ukipishana na maziwa nusu kikombe, pamoja na ganda la limau lililokwanguliwa. Mwisho tia zabibu kavu kikombe kimoja, zilizopakwa unga kidogo ili zisizame.

Zabibu za nani? Zetu! Mizabibu ya Dodoma iliyoenea kutoka mashamba ya wamisionari wa Kikatoliki kule Bihawana huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mavuno ya Agosti na Septemba huangukia jua kali lisilo na mvua. Zabibu zikianikwa juu ya mkeka safi na kufunikwa kitambaa chepesi kuzuia nzi, hukauka vizuri kabisa. Kwa mwaka huu umechelewa, nunua zilizokaushwa. Lakini kwa mwaka ujao weka alama kwenye kalenda kabla watoto hawajaikata.

Anayeoka kwa jiko la mkaa atie mchanga mkavu ndani ya sufuria kubwa, kina cha vidole viwili, aifunike na kuiacha ipate moto kwa robo saa. Bati la keki, lililopakwa siagi na unga, liingie humo bila kugusa kuta. Funika kwa sinia au mfuniko bapa, na juu yake weka makaa. Siri iko hapa: makaa ya chini yawe machache, ya juu yawe mengi. Wengi huunguza keki kwa kufanya kinyume. Usifunue kabla ya nusu saa, hata mtoto akilia. Baada ya dakika 45 hadi saa nzima chomeka kijiti. Kikitoka kikavu, imeiva.

Na hapa sina utani. Desemba mvua hutufukuza uani, na mtu huona ni jambo jepesi kuliingiza jiko la mkaa ndani, akafunga mlango na dirisha mvua isipige. Makaa yanayowaka hutoa hewa yenye sumu ambayo haina harufu wala rangi. Familia nzima inaweza kulala isiamke. Mvua ikinyesha, keki ingoje. Okeni barazani penye hewa, au mtangulie siku moja. Keki hii hukaa siku tatu bila kuharibika na ladha yake huzidi.

Kwa asiye na ngano kabisa, ziko biskuti za karanga. Vikombe viwili vya karanga zilizokaangwa, kumenywa na kutwangwa. Nusu kikombe cha sukari. Ute wa mayai mawili uliopigwa mpaka ukasimama. Changanya, fanya vidonge vya ukubwa wa kidole gumba, vibonyeze, oka kwa moto mdogo dakika 20. Zitatoka laini, zitakauka zikipoa.

Nikizitaja karanga za Dodoma siwezi kupita bila kuikumbuka Kongwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kupikia na siagi ya kupaka mkate. Serikali yao ikaamua kuyatoa mafuta hayo kwetu. Mwaka 1947 matrekta yakateremshwa Kongwa kwa nia ya kulima karanga katika mamilioni ya ekari. Udongo ule wakati wa kiangazi ulikuwa mgumu kama saruji, mvua hazikufuata ratiba ya London, na mwaka 1951 mpango ukatupwa baada ya kula pauni zipatazo milioni 36. Karanga hazikuwa na kosa. Wanawake wa Kigogo walikuwa wakizipanda humo humo, kwa jembe la mkono, kipande kidogo kidogo mvua inapokubali, na wanazipanda hadi leo. Hizo ndizo zitakazoingia kwenye biskuti zetu.

Ila zichaguliwe. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye nafaka, na karanga nazo hupatwa na kuvu huyo. Mwaga karanga zote juu ya ungo, waite watoto, mtoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu. Zitupeni mbali, kuku nao wasipewe. Kuzikaanga hakuiondoi sumu hiyo yote.

Keki ikishaiva, kipande cha kwanza kiende kwa jirani. Katika mitaa yetu jirani huyo aghalabu ni Mwislamu, ambaye siku ya Idi alikuletea pilau ndani ya bakuli lililofunikwa kitambaa, na bakuli lile bado liko kabatini kwako. Lirudishwe na kitu ndani. Mtume mtoto, naye aseme vizuri: "Shikamoo mama, mama anakusalimu, anasema karibu sikukuu."

Nimetumiwa pia swali na kijana aliyehamishiwa Dodoma kikazi, mmoja wa wengi waliokuja tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia huku. Anauliza afanye nini na Krismasi ya peke yake. Kama wazazi wako Dar es Salaam na nauli ipo, treni ya umeme iliyoanza safari za hapa mwaka 2024 itakufikisha kwa chini ya saa nne. Kata tiketi mapema, chukua biskuti za karanga ndani ya kopo. Kama zamu inakubakiza ofisini, usijifungie ndani na simu. Tafuta nyumba yenye watoto, nenda mkesha mapema, uombe kazi ya kupiga siagi na sukari. Hakuna mama atakayekukatalia.

Nikurudie wewe, baba wa Nkuhungu. Katika hesabu yako nimeufuta mti wa dukani na taa zake. Nguo za watoto watatu naona zipunguzwe: sare za shule zishonwe sasa, na zile mpya zivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya Krismasi kanisani, wengi wetu tulivaa hivyo wala hatukudhurika. Unga, sukari na siagi vibaki. Mbegu za Hombolo zisiguswe hata kwa kikombe kimoja. Na yule binti mchukue Jumamosi hii mwende naye bustanini, achague mche yeye mwenyewe, aubebe yeye mwenyewe hadi nyumbani, hata kama atachagua uliopinda.

Jumapili ijayo tutazungumzia jinsi ya kuhifadhi madaftari na viatu vya shule wakati wa mvua. Wenye maswali waandike mapema.